Binti anataka kuwa kama Lupita, na nafasi ya uuguzi inamsubiri

*"Mwalimu, assalam aleikum. Niko Mombasa, nina binti wa miaka 18. Kidato cha nne amemaliza, KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wamempa nafasi ya uuguzi KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, lakini hata barua yenyewe hataki kuisoma. Yeye anataka uigizaji. Kila nikimwambia neno ananijibu kwa Lupita Nyong'o: eti alimaliza shule tu akachukuliwa, filamu ya kwanza akapata Oscar, na mimi ndiye ninayemzuia asifike. Ami yake naye anasema tusijidanganye, yule ni mtoto wa waziri, mlango alifunguliwa na jina la baba. Juzi limezuka jengine: kuna mtu mtandaoni anajiita wakala, anataka shilingi 45,000 za picha na usajili ndiyo ampeleke odisheni Nairobi, na amemwambia akipunguza weusi kidogo atapata kazi upesi. Tangu hapo nimekuta mkorogo chini ya mto wake. Mimi mambo ya filamu siyajui. Nani mkweli hapo? Na nimfanyeje mtoto huyu?"*

Wa aleikum salaam, dada yangu. Kabla ya yote, hizo shilingi 45,000 zisitoke. Si zote, si nusu, si "kidogo ya kushikia nafasi". Sababu nitazieleza huko chini, lakini ikiwa binti alikuwa amepanga kuzituma leo kwa M-Pesa, mzuie kwanza halafu uendelee kusoma.

Nikikuelewa vizuri, uigizaji wenyewe si adui yako. Kinachokukosesha usingizi ni kumwona mtoto akiachia kitu kilicho mkononi kwa ajili ya hadithi aliyoisikia kipande. Na kweli ni kipande. Ami yake ameshika kipande kingine. Mimi nafundisha uigizaji, na vijana wengi hunijia na Lupita huyohuyo wa binti yako: shule, filamu moja, Oscar. Tumpitie taratibu, maana maswali yako karibu yote majibu yake yamo humo.

Lupita alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983. Baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha huko wakati siasa za Kenya hazikuwa salama kwa msomi wa upinzani. Familia ilirudi nyumbani binti akiwa bado mchanga, akalelewa Nairobi. Alipokuwa na miaka 14 alicheza Juliet, katika tamthilia ya Shakespeare, na kundi la Phoenix Players la Nairobi. Nasisitiza hapo: miaka 14, jukwaa la kundi la watu wazima, maneno ya Kiingereza cha karne nne zilizopita. Mwanzo wake ni huo, na hauna kamera. Akiwa na miaka 16 wazazi walimrudisha Mexico ajifunze Kihispania. Baadaye akaenda Marekani, chuo cha Hampshire kule Massachusetts, akasomea filamu na tamthilia, akamaliza mwaka 2007.

Kisha kuna miaka ambayo mashabiki huiruka, na kwangu ndiyo yenye mafunzo. Filamu ya "The Constant Gardener" iliyotoka 2005 ilipigwa Kenya, na Lupita alikuwepo, lakini nyuma ya kamera, miongoni mwa wale vijana wanaotumwa huku na huko: mwite fulani, peleka karatasi hizi, zuia watu wasipite wakati kamera inazunguka. Alifanya kazi ya nyuma ya kamera pia katika "The Namesake" ya mwongozaji Mira Nair. Mwaka 2008 akacheza filamu fupi, "East River". Mwaka 2009 akaonekana katika "Shuga", ile tamthilia ya MTV kuhusu vijana wa Nairobi na Ukimwi, kama Ayira. Wakati huohuo akaandika, akaongoza na kutayarisha "In My Genes", filamu ya maisha halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino. Hakuna aliyemwita nyota wakati huo. Kisha akaomba kuingia shule ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Yale, akakubaliwa, akasoma miaka mitatu, akamaliza 2012. Majira ya joto ya mwaka huo ndiyo walipiga "12 Years a Slave" huko Louisiana. Filamu ikatoka 2013, na tarehe 2 Machi 2014, siku moja baada ya kutimiza miaka 31, akachukua Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike.

Kaa na binti yako mezani mpige hesabu. Kutoka Juliet wa Nairobi hadi usiku ule ni kama miaka 17. Anaposema "filamu ya kwanza" hasemi uongo, ndiyo filamu ndefu ya kwanza aliyoigiza. Ila miaka hiyo 17 haimo katika sentensi yake, na yeye mwenyewe ana miaka 18 tu duniani. Hajachelewa hata kidogo. Akiwa na umri wa binti yako, Lupita hakuwa na filamu yoyote.

Sasa ami. Simkatalii moja kwa moja, maana mwenye nacho huongezewa. Profesa Nyong'o alikuwa waziri wa mipango tangu 2003 hadi 2005, kisha waziri wa huduma za matibabu tangu 2008 hadi 2013, leo ni gavana wa Kisumu. Familia iliweza kumpeleka mtoto Mexico kujifunza lugha na Marekani kusoma. Nyumbani palikuwa na vitabu, na palikuwa na pa kurudi mambo yakiharibika. Mtu akikwambia hayo hayana uzito, hajawahi kulipa karo. Wewe na mimi tukipanga mambo ya mtoto wako lazima tukumbuke kwamba hana huo mto wa kuangukia, ndiyo maana sitakwambia achane na KMTC kirahisi.

Lakini jina la waziri wa Kenya halimfikishi mtu kwenye nafasi ya Patsey, yule mtumwa aliyemcheza katika "12 Years a Slave". Mwongozaji wa filamu ile, Steve McQueen, alieleza kwamba walitazama zaidi ya wanawake elfu moja. Kule Louisiana hakuna aliyejua Kisumu iko wapi. Baba alimfikisha kwenye mlango wa shule. Ndani ya chumba cha odisheni alikuwa peke yake.

Na chumba hicho mtu hukifikiaje? Hapa ndipo matapeli wanapokula, kwa sababu watu hawajui utaratibu. Katika filamu kubwa, mtayarishaji humwajiri mtu ambaye kazi yake ni kutafuta waigizaji. Huyu huwatumia mawakala anaowafahamu maelezo ya kila mhusika. Wakala hupendekeza watu wake. Waliopendekezwa hupewa kurasa chache za mswada, hujirekodi wakizicheza, na video hutazamwa. Wachache huitwa ana kwa ana, tena na tena, mwisho mbele ya mwongozaji. Lupita alianza hivyohivyo, kwa kujirekodi, angali mwanafunzi wa Yale. Shule za aina ile huwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho nafasi ya kucheza vipande vifupi mbele ya mawakala waliokuja kuwatazama. Kwa hiyo shule inafanya mambo mawili: inakupa ufundi, na inakuweka mahali ambapo wenye kazi wanakuona. Bila la kwanza, la pili ni aibu tu.

Wakala wa kweli hula kutokana na unachokula wewe. Marekani kawaida yake ni asilimia 10 ya malipo yako, baada ya wewe kupata kazi. Hana sababu ya kukudai kabla, kwa kuwa akikudai kabla hana haja tena ya kukutafutia kazi, ameshalipwa. Ndiyo maana jimbo la California, kwenye Hollywood yenyewe, lina sheria inayokataza kumtoza mwigizaji ada za mapema za namna hiyo. Huyo wenu anataka pesa ya "usajili". Kusajiliwa wapi? Muulize aseme jina la filamu, jina la kampuni inayoitayarisha, mahali na siku ya odisheni, kisha wewe uipigie kampuni hiyo kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Nina hakika kidogo sana kwamba mtafika kwenye swali la tatu.

Picha ni jambo la kweli, mwigizaji anahitaji picha nzuri ya uso. Ila unamlipa mpigapicha uliyemchagua wewe, na picha zinabaki zako. Kwa kuanzia, simu nzuri, ukuta mtupu na mwanga wa dirisha la asubuhi vinatosha kabisa.

Nirudi kwenye ufundi, kwa sababu binti yako anadhani kuigiza ni kuwa na hisia nyingi na uso wa kupendeza. Kuna onyesho moja ningependa mlitazame pamoja, ingawa filamu yenyewe ni nzito na kuna mahali utageuza uso. Patsey alikuwa mtu kweli, mtumwa katika shamba la pamba la Edwin Epps. Habari zake zimo katika kitabu alichokitoa mwaka 1853 Solomon Northup, ambaye filamu hiyo inasimulia maisha yake. Katika filamu anarudi kutoka shamba la jirani, alikokwenda kutafuta kipande cha sabuni kwa sababu bibi wa nyumba amemnyima. Epps anamvaa kwa hasira, anadhani ametoka kwa mwanamume. Mwanafunzi mgeni ukimpa maneno yale atalia tangu neno la kwanza, kwa kuwa amekwishasoma mwisho na anajua kuna viboko. Lupita haanzi na kilio. Anajitetea. Anaitoa sabuni, anaionyesha kama mtu anayeonyesha risiti, na kumkumbusha bwana kwamba yeye huchuma ratili 500 za pamba kwa siku, kuliko mwanamume yeyote shambani, na kwa hilo anataka kuwa msafi. Hasira inapanda kwanza, machozi yanakuja nyuma yake, na yanamjia kama kitu alichokuwa akikizuia. Mtazamaji anaumia kwa sababu anayemwona ni mtu mwenye hoja.

Hilo halitokei kwa bahati. Ratili 500 ni karibu kilo 227. Lupita alikwenda Baltimore, kwenye makumbusho yenye sanamu za nta za historia ya watu weusi, akaliona robota la pamba la uzito huo, ajue mwili wa Patsey ulikuwa ukibeba nini kila siku. Vile vidoli vya maganda ya mahindi ambavyo Patsey anavisuka katika filamu, alijifunza kuvitengeneza kwa mikono yake. Pale Yale alikuwa amekwishacheza Chekhov na Shakespeare, na mwaka wake wa mwisho akatunukiwa tuzo ya ndani ya shule kwa kipaji cha uigizaji. Mazoezi ya sauti, pumzi, mgongo, kutamka, kusoma mswada sentensi kwa sentensi ukiuliza huyu mtu anataka nini hapa. Ni kazi ya kuchosha na haina picha nzuri ya kupandisha mtandaoni.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi hata ya Oscar. Mwaka 2009, akiwa ndio kwanza ameingia Yale, jumba la maonyesho la chuo lilicheza "Eclipsed", tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake katika vita vya Liberia. Lupita alipewa kuwa akiba: unajifunza maneno yote na miondoko yote ili mwenye nafasi akiugua uingie wewe. Mara nyingi haugui. Unajifunza mchezo mzima bila mtu kukuona. Miaka sita baadaye, akiwa na Oscar yake nyumbani na anaweza kuchagua, aliichagua tamthilia hiyohiyo, akaicheza New York mwaka 2015, ikahamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za jiji hilo, 2016, na akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya tamthilia ya Marekani. Mwulize binti yako, kwa upole tu, kama yuko tayari kuwa akiba.

Ralph Fiennes, mwigizaji Mwingereza aliyekuwa katika "The Constant Gardener", alipoambiwa na Lupita kwamba anataka kuigiza hakumpa moyo kama tunavyotarajia. Lupita amelisimulia mara nyingi: alimwambia kama kuna kitu kingine anachoweza kukifanya, akifanye hicho, aigize tu ikiwa hawezi kuishi bila kuigiza. Baadhi ya wazazi huona maneno hayo ni ya kikatili. Mimi naona ndiyo ushauri wa haki kuliko wote ambao kijana anaweza kupewa katika kazi hii, na ni vizuri umetoka kwa mwenye kazi mwenyewe.

Kuna jambo ambalo binti yako halijui kabisa, nalo ni kwamba hata Oscar haikumaliza shida. Lupita ameeleza kwamba baada ya tuzo ile alitarajia kuletewa nafasi za mhusika mkuu. Alicholetewa ni watumwa wengine, safari hii ndani ya meli ya watumwa. Alikataa. Tazama kazi zilizofuata: katika "Star Wars" ya 2015 ni Maz Kanata, kiumbe cha kompyuta, uso wake huuoni, katika "The Jungle Book" ya 2016 ni sauti ya mbwa mwitu. Mwaka huo wa 2016 ndipo alipocheza "Queen of Katwe", filamu ya Mira Nair kuhusu Phiona Mutesi, binti wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyeng'ara katika sataranji. Lupita ni mama yake, mjane anayehangaika kulisha watoto. Kama mtatazama filamu yake moja tu nyumbani, na hamwezi ile ya utumwa, tazameni hiyo, kwa sababu ndani yake kuna mama anayegombana na ndoto ya mtoto wake, na filamu haimfanyi mama kuwa mjinga. Baada ya hapo ndiyo ikaja "Black Panther" mwaka 2018 na "Us" ya Jordan Peele mwaka 2019, ambamo anacheza watu wawili, mmoja akiwa na sauti iliyokwaruzika. Sauti hiyo aliichukua kutokana na ugonjwa halisi unaoathiri sauti, watu wenye ugonjwa huo wakalalamika, naye akaomba radhi. Februari 2024 aliongoza jopo la majaji wa tamasha la filamu la Berlin, mtu mweusi wa kwanza kupewa kiti hicho.

Sasa mkorogo, dada yangu. Hili usilicheleweshe.

Huyo anayemwambia binti apunguze weusi hajui hata mfano ambao binti anaufuata. Mwishoni mwa Februari 2014, siku chache kabla ya Oscar, Lupita alisimama katika hafla ya jarida la Essence akasimulia jinsi utotoni alivyokuwa akimwomba Mungu aamke asubuhi akiwa mweupe, na jinsi alivyokimbilia kioo kila kukicha akakuta ngozi ileile. Alisema kilichomgeuza ni kumwona mwanamitindo Alek Wek wa Sudan Kusini, mweusi kama usiku, akishangiliwa ulimwenguni. Mwaka huohuo kampuni ya vipodozi ya Lancôme ikamchukua awe sura yake, na rangi hiyohiyo. Baadaye, 2019, akaandika kitabu cha watoto, "Sulwe", kuhusu msichana mweusi kuliko wote nyumbani kwao, na kimefasiriwa kwa Kiswahili. Kinunue. Ni cha watoto, lakini ana miaka 18 na amelala na mkorogo chini ya mto, bado kinamhusu.

Mkorogo wenyewe ni hatari. Krimu na sabuni nyingi za namna hiyo huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kuumiza figo. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikachubuka na kushika chunusi na madoa. Mpeleke kwa daktari wa ngozi, na kile kikopo muende nacho. Usimnyang'anye ukakitupa kwa hasira, kwa sababu daktari anataka kukiona, na mtu aliyepaka steroidi kwa muda mrefu akiacha ghafla ngozi inaweza kuwaka vibaya. Daktari ndiye atakayesema aache vipi. Akiwa ameanza kuvimba miguu au uso, au mikono inatetemeka, msisubiri miadi, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Na kuna la usalama wake, ambalo ni zito kuliko pesa. Oktoba 2017 Lupita aliandika katika gazeti la New York Times kwamba alipokuwa bado mwanafunzi wa Yale, mtayarishaji Harvey Weinstein alimwalika nyumbani kwake kutazama filamu, watoto wake wakiwepo, kisha akamtoa kwenye chumba walimokuwa na kumpeleka chumba cha kulala, akitaka kumkanda mwili. Lupita alitafuta njia ya kutoka akatoka. Ninalitaja kwa sababu vijana hudhani mtego huwekwa na watu wasiojulikana kwenye nyumba za vichochoro. Yule alikuwa mtayarishaji maarufu kupita wote, nyumba imejaa watu, na aliyealikwa alikuwa mtu mzima mwenye akili zake. Kwa hiyo odisheni ya binti yako hufanyika mchana, mahali pa kazi, na mtu wa nyumbani akiwa nje ya mlango. Haifanyiki hotelini chumbani, haifanyiki usiku, na hakuna odisheni inayoanza na picha za nguo za ndani. Mwulize, bila kufoka, kama huyo wakala ameshamwomba picha za aina hiyo au kama ameshamtumia. Akisema ndiyo, hifadhini ujumbe wote, msifute chochote, na mwende polisi. Namba 1195 nayo ni ya bure Kenya nzima kwa masuala ya unyanyasaji, na wanaongea Kiswahili. Mtoto akiogopa kukwambia wewe, mtafutie shangazi au mwalimu anayemwamini amsikilize.

Tuje kwenye njia zilizopo. Kumsukuma uuguzi kwa nguvu sikushauri. Miaka mitatu ya wodi na zamu za usiku kwa mtu asiyetaka ni mateso kwake na kwa wagonjwa. Lakini kuuacha uuguzi kwa sababu ya hadithi ya kipande ni kosa pia. Kama kampasi aliyopangiwa ni ya hapo Mombasa, kuna njia ya kati, ingawa si nyepesi: asome, na jioni za wikendi ajiunge na Little Theatre Club, au aende Swahilipot kule karibu na Fort Jesus ambako vijana wa sanaa hukutana. Ratiba ya wodi itambana, atakosa mazoezi mengine, na atalalamika. Ila atakuwa na cheti cha kumlisha, na katika kazi hii mwigizaji mwenye kitu cha kumlisha anaweza kukataa nafasi mbaya. Lupita aliweza kukataa wale watumwa wa melini. Anayedaiwa kodi ya nyumba hawezi.

Njia ya pili ni kusomea sanaa yenyewe. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinafundisha tamthilia na filamu. Ng'ambo ya mpaka kuna TaSUBa ya Bagamoyo, chuo cha serikali ya Tanzania kilichoanza 1981, na kwa mtoto wa Pwani anayeota kuigiza kwa Kiswahili mimi naona kinasahauliwa bure. Tamthilia za televisheni za Pwani kama "Sultana" na "Pete" zimeonyesha kwamba Kiswahili cha kwetu kina soko. Malipo hayatabiriki, mkataba ukiisha umeisha, na wengi wa wanafunzi wangu wazuri wana kazi nyingine mchana.

Marekani ndiyo ndoto yake, najua. Yale tangu 2021 haitozi karo katika shule yake ya tamthilia, baada ya tajiri David Geffen kutoa dola milioni 150, kwa hiyo ile hoja ya "matajiri tu" imepungua nguvu. Lakini wanaoingia ni wachache mno, wengi wakiwa na shahada ya kwanza, na wanachagua kwa odisheni. Hilo ni jambo la miaka mitano au zaidi kuanzia sasa, na kila atakachofanya Mombasa kati ya leo na siku hiyo kitahesabika.

Ningekuwa wewe ningemwekea mtihani kabla ya tarehe ya kuripoti chuoni. Ajifunze vipande viwili vya kuigiza peke yake, kimoja kwa Kiswahili, kimoja kwa Kiingereza, avikariri mpaka visimtoke hata ukimwamsha usiku, na ajirekodi kila juma. Atafute kazi ya siku chache nyuma ya kamera kwenye tamthilia yoyote inayopigwa Pwani, hata kama ni kubeba nyaya na kugawa chai. Asimame kama akiba katika mchezo mmoja wa jukwaani. Akiyafanya hayo bila kusukumwa, dada yangu, una mwigizaji nyumbani, kaeni mzungumze juu ya chuo cha sanaa kwa uzito. Akipenda picha na kuchukia mazoezi, nalo litajionyesha lenyewe, bila wewe kusema neno.

Asijifunze Kiingereza cha puani kwa sasa. Lupita alijifunza lafudhi ya Kimarekani Yale kwa ajili ya kazi, kisha akaamua katika mahojiano azungumze kama Mkenya, na amekiri kwamba kuirudia sauti yake mwenyewe hakukuwa rahisi. Agosti 2025 alicheza Shakespeare pale Central Park, New York, na mdogo wake Junior, chini ya mwongozaji Saheem Ali aliyekulia Kenya, na ndugu hao wawili jukwaani wakaongea Kiswahili. Hicho binti yako anacho tayari, tena cha Mombasa.

Mkiamua kuahirisha nafasi ya KMTC, pigeni simu ofisi ya usajili ya kampasi kabla ya tarehe iliyo kwenye barua, ombeni jibu la maandishi, na mwambie binti aifungue hiyo barua aisome mwenyewe kwanza.